Kisu Nilichokitupa Chooni

Mjukuu wangu Wakio,

Salamu zikufikie huko Eldoret. Hapa Kasigau mvua imetupendelea, babako amemaliza kuezeka zizi, na ndovu wamekula mahindi yetu tena bila haya.

Umeniuliza kama ni kweli nilimnyang'anya baba mkwe wangu kisu. Ni kweli, na hata leo ningemnyang'anya.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mvua ilipitiliza, mbu wakajaa, mbuzi wakaanza kutupa mimba. Daktari wa mifugo alitutangazia kanisani kwamba ni homa ya Bonde la Ufa, tusichinje mnyama mgonjwa, maana damu yake huambukiza watu. Lakini kwetu mnyama akilegea, anawahiwa kwa kisu kabla hajafa, na kila nyumba inapelekewa fungu lake. Jirani yetu alimwahi mbuzi wake hivyo. Sasa alikuwa amelazwa Voi, macho hayaoni.

Hata hivyo, beberu wetu alipoanguka, baba mkwe alinoa kisu. Wazee walikuwa wameshakaa wakingoja mafungu. Nilikinyakua, nikakimbia nacho, nikakitumbukiza chooni.

"Mwanamke, umetutukana!" alinguruma.

"Nimewatukana, Baba. Kiko huko chini, kifuateni."

Kabla hawajapata kisu kingine, beberu akafa mwenyewe, akawa mzoga, na mzoga hauliwi.

Mzee hakunisalimia mpaka mavuno. Kila asubuhi alipita mlangoni pangu akigeuza uso, nami nilisimama pale makusudi, nimwone akipita kwa miguu yake mwenyewe, macho yake mazima yakikataa kuniangalia.

Ni mimi nyanya yako, ambaye hajaomba msamaha.