Meza Iliyovunja Ushemeji

Ujiji,
3 Agosti 2024

Shemeji Erasto,

"Meza hii imeinamishwa makusudi, na aliyeiinamisha ni mwizi." Hayo ni maneno yako, Jumatatu ya Pasaka mwaka 2016, sebuleni kwangu, mbele ya rafiki yetu Elikana, mbele ya jirani yangu Mzee Gharib, na mbele ya dada yako Agnesi akiwa ameshika sinia la chai. Nimekaa nayo miaka minane. Leo naanza kuyajibu.

Kwanza salamu, maana sikulelewa porini. Mwakeye, kama msalimianavyo kwenu. Hujambo wewe, na Veneranda, na watoto? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi ni wazima. Agnesi alishikwa na malaria wiki iliyopita, lakini sasa anapika na kugomba kama kawaida yake.

Ulisema nisikupigie simu tena. Hukusema nisiandike. Barua hii anakuletea Honorata, yule mama wa dagaa, na nimemwambia asiondoke Mwamgongo bila jibu, hata ukikunja uso.

Jambo lenyewe ni hili. Wema anaolewa. Tunamuaga hapa nyumbani tarehe 14 Desemba, na amesema mjomba wake asipokuwepo hatoki chumbani. Kichwa hicho kigumu hakukirithi kwangu. Nawe umemjibu kwamba hukanyagi nyumba ya mwizi.

Vema. Nitakuondolea kisingizio. Tangu siku ile ulipoitupia meza fimbo ukakichana kitambaa, hakuna aliyecheza pool hapa, tunapigia pasi juu yake. Sasa nitaifumua yote na kuikarabati kwa mikono yangu. Fundi siiti, maana nikimwita utasema nimemhonga. Ikithibitika kwamba haina mteremko, utakuja, na utaliondoa neno lako.

Shemeji yako,
Pastory


Mwamgongo,
19 Agosti 2024

Baba Wema,

Salamu zimefika. Mgongo unauma, asante kwa kuukumbuka. Veneranda na watoto hawajambo. Mpe pole Agnesi. Ziwa limefunguliwa kwa uvuvi juzi tu, kwa hiyo naandika nimesimama, na Honorata ananilinda kama askari magereza.

Wewe umesoma vitabu vingi, lakini hoja yako ina tundu kubwa kuliko matundu ya meza yako. Ukiinyoosha meza leo, inathibitisha nini kuhusu siku ile? Aliyeiba mbuzi haachiwi kwa sababu leo amefagia zizi.

Na nijibu swali moja. Nyumbani kwako ulikuwa unatufunga wote, mpaka Elikana akawa anakuita bingwa. Kwenye baa za Mwanga hukuwahi kumfunga hata mlevi. Kwa nini?

Halafu kuna jambo hukuliandika. Mimi nilikuita wewe mwizi, wewe peke yako. Wewe ulijibu kwamba ukoo wetu wote ni wa waongo, kuanzia baba yetu. Baba tulikuwa tumemzika mwezi mmoja kabla. Hilo nalo utalipiga msasa?

Mjomba wa Wema,
Erasto


Ujiji,
8 Septemba 2024

Shemeji Erasto,

Natumaini mgongo umepoa na nyavu zinajaa. Hapa hatujambo. Agnesi amepona kabisa. Ushahidi ni kwamba amenihamisha sebuleni na chai yangu, kwa sababu ya vumbi.

Hoja yako ya zizi ni nzuri, nakubali, na ingeniangusha kama isingekuwa miguu ya meza. Nisikilize.

Nimeng'oa kitambaa chote, na pini zake, ambazo zilikuwa mia na kitu na kila moja ilitaka kuniachia alama. Ile mipira ya kingo, ambayo mpira wa kuchezea unaigonga na kurudi, ilikuwa imekauka ikawa kama soli ya kandambili ya mwaka jana. Nimeibandua kwa kisu na maji ya moto, nimesugua mbao, nimepaka gundi, nimebandika mipya. Upande mmoja niliubandika juu chini. Nikaubandua, nikaanza upya.

Chini ya kitambaa kuna mawe bapa meusi matatu, yamelazwa sambamba. Niliyanyanyua na Elikana, naye akanung'unika tangu la kwanza hadi la mwisho: "Bingwa, mchezo huu ni wa vijana au wa wachimba kaburi?" Kwenye maungio palikuwa pamezibwa kwa nta, nayo ilikuwa imepasukapasuka. Nimenunua nta ya nyuki kule Kidahwe, ile safi, isiyochanganywa na mafuta ya mshumaa. Unaiyeyusha, unaimimina kwenye ufa, ikiganda unaikwangua mpaka kidole kikipita juu yake kisijue jiwe limeishia wapi.

Sasa miguu. Miguu sikuigusa mwaka 2016, wala kabla yake, wala leo. Nimeipima mmoja mmoja mbele ya Mzee Gharib: yote minne inalingana, hakuna hata tofauti ya unywele. Meza yenye miguu sawa inainamaje, Erasto? Uliona mteremko kwa sababu ulikuwa unafungwa.

Habari za Mwanga ni bahati mbaya na taa hafifu. Hilo jingine tutalizungumza ukija.

Kitambaa kipya kinakuja wiki hii. Nikishakitandaza nitaweka mpira katikati ya meza mbele ya mashahidi wale wale, nawe utaletewa majibu. Andaa maneno ya kuomba radhi.

Shemeji yako,
Pastory


Mwamgongo,
20 Oktoba 2024

Baba Wema,

Mko salama? Nauliza kweli, siyo kwa desturi. Sisi hatujambo.

Wiki sita zimepita. Nilitegemea barua ya kurasa nne na makofi. Honorata amerudi mara tatu mikono mitupu. Mara ya mwisho anasema alikukuta umekaa juu ya ndoo katikati ya sebule iliyolowa, kitambaa kipya kimekunjwa kwenye kiti, na hukumjibu alipobisha hodi. Mtu kama wewe akinyamaza, watu wanaanza kuchimba kaburi.

Kama unaumwa niambie. Hilo ni jambo lingine kabisa, na nitapanda boti hata leo. Kama huumwi, basi sema mpira ulikwenda wapi.

Wema alinipigia. Sikujua la kumwambia.

Kaka yake Agnesi,
Erasto


Ujiji,
3 Novemba 2024

Shemeji Erasto,

Siumwi. Asante kwa kuuliza, na kwa ile boti uliyokuwa tayari kuipanda. Wote ni wazima hapa. Barua hii nimeiandika nakala tatu: yako, ya Elikana na ya Mzee Gharib.

Mpira ulikwenda mlangoni.

Niliuweka katikati, kwenye kitambaa kipya, mashahidi wamesimama. Ukatulia kidogo kama unafikiri, kisha ukaondoka polepole hadi ukingo wa upande wa mlango. Elikana akacheka. Nikasema ni nta. Nikafumua meza yote, nikakwangua nta, nikamimina nyingine. Mpira ukaenda mlangoni. Nikasema ni jiwe la katikati. Nikafumua tena. Mlangoni. Mara ya tatu Elikana alikataa kuja kunyanyua mawe, akasema mgongo wake hauna hoja na mtu.

Kisha Jumamosi moja Agnesi akaingia na ndoo kupiga deki, maana alikuwa amechoka kuishi kwenye karakana. Akamwaga maji kule mwisho wa chumba. Maji yakapita chini ya meza, yakaenda moja kwa moja mlangoni, yakatoka nje. Nikayatazama. Naye akanitazama mimi.

"Baba Wema, unashangaa nini? Si wewe uliyemsimamia fundi ukamwambia sakafu aipe mteremko, nisihangaike na maji ya deki?"

Ndipo nikakaa juu ya ndoo.

Niliazima mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaoonyesha hadi ndani, wa kupimia usawa. Kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine sakafu inashuka unene wa kidole. Miguu sawa, sakafu isiyo sawa. Nilipima kila kitu katika sebule ile isipokuwa kazi niliyoisimamia mwenyewe.

Nimechonga kabari mbili za mninga, nimezipigilia chini ya miguu ya upande wa mlango. Sasa mpira ukiwekwa unakaa. Nikamwita Elikana tucheze. Amenifunga michezo mitano mfululizo. Mkono wangu ulikuwa unafidia mteremko ambao haupo tena. Miaka yote ile mkono ulijua, mimi sikujua. Hilo ndilo jibu la swali lako la Mwanga. Taa zilikuwa nzuri tu.

Kwa hiyo uliona sawa kuhusu meza na ulikosea kuhusu mimi. Sikuiinamisha makusudi, na kwa hilo sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini nilikuita mwongo kwa jambo uliloliona kwa macho yako.

Kuhusu baba yenu sina hoja. Nimetafuta, nawe unajua nikitafuta hoja huwa napata. Hii sikuipata. Alinipa binti yake, nami nilimtukana akiwa na mwezi mmoja kaburini, mbele ya binti huyo huyo. Agnesi amesoma barua hii kabla sijaifunga. Alipofika hapa akasema, "Miaka minane napiga pasi juu ya meza hiyo na tusi la baba yangu liko chini yake. Ulidhani kilichopinda ni mawe?" Kisha akaenda kuangalia maharage.

Sasa nadai, nanyi watatu mnisome vizuri. Elikana, Mzee Gharib, mtafika sebuleni kwangu Ijumaa tarehe 13 Desemba, saa kumi jioni, na mtakaa palepale mlipokaa siku ile. Nitasimama na kumwomba radhi Agnesi na ukoo wake kwa sauti ileile niliyotukania, siyo kwa kunong'ona. Mkiona napunguza neno, nikatizeni.

Na wewe Erasto, nikishamaliza, utaliondoa neno "mwizi" mbele yao. Kisha utabisha hodi kwa Wema na kumwambia kwamba kesho yake unatoka naye. Panda boti ya Alhamisi. Njoo na Veneranda, njoo na watoto wote.

Shemeji yako,
Pastory