Kuku Mwekundu Hachinjwi

Jumamosi, 17 Agosti 1996

Nimesema.

Mjomba alifika mchana kutoka Usevya, na kwetu mgeni halishwi maharage. Mama akaniambia, "Kamata yule mwekundu." Mwekundu ndiye anayetaga kuliko wote. Pesa yangu ya karanga niliigeuza kuku makusudi, maana pesa ya mkononi kila ndugu anaikopa, na mimi kukataa siwezi. Januari nataka kuanza kujifunza kushona, na ada itatoka kwenye mayai.

Nikasimama mlangoni. "Mama, yule ni ada yangu."

Mama akanikazia macho. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Dada, unataka nile ada ya mtoto? Lete maharage, meno ninayo."

Akala sahani mbili. Nilifurahi mpaka nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Wakati wa kuaga, Mama akamfungia mayai yote ya wiki hii, eti asirudi mikono mitupu. Nilitaka kusema tena. Nikaishia kumshikia baiskeli.