Kona Mbili za Sebule

2 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Baba yako mwili uko sawa, kichwa ndicho kinamtoroka. Tangu atoke hospitali, akiamka kitini sebuleni mchana akitaka kwenda chooni, leo atashika mlango wa choo, kesho atashika wa barabarani, ulio kona ya mshazari, upande wa pili wa sebule. Na malori ya pale unayajua. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa choo, hakitazami. Nyumba kaijenga kwa mikono yake, sasa inamchezea. Naogopa kumpoteza nikigeuka jikoni tu. Wewe tuliyekusomesha ukaishia kufuga panya, huna la kunisaidia?

Mama yako

19 Februari

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, baridi tu. Usiwacheke panya wangu, maana barua yako imenisisimua. Kwenye utafiti wetu tunamweka panya kwenye sanduku la mstatili, kama sebule yetu, chakula tumekifukia kona moja. Tukimtoa, tukamzungusha mpaka apoteze mwelekeo, tukimrudisha anafukua kona ile au iliyo mshazari wake, nusu kwa nusu. Kona hizo mbili zina umbo moja: ukuta mrefu kushoto, mfupi kulia. Tumepaka ukuta mmoja rangi nyeusi, lakini anafuata umbo tu, kama baba.

Basi livunje umbo. Sukuma kabati likate kona ya mlango wa barabarani, wewe pitia uani. Nibusie baba.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, tu wazima, tuseme hivyo. Kabati nililisukuma na jirani. Siku tatu baba yako hakukosea, nikakusifu mtaa mzima. Siku ya nne aliamka, akapapasa kuta kama anakagua lipu ya fundi mwingine, akahesabu hatua, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa adabu, "Samahani mama, nimeingia nyumba ya watu." Akavaa viatu akatoka.

Nilimkuta nyumba ya tatu, amekaa kona ileile ambayo kwetu ina kiti chake. Nilisahau kwamba mtaa huu kaujenga wote yeye, kwa kipimo kimoja. Mwenye nyumba anasema hakubisha hodi.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Rudisha kabati leo hii. Nilikosea vibaya. Lile umbo ndilo nyumba pekee aliyobakiwa nayo, na mimi nimemvunjia. Nijibu upesi.

Mwanao

4 Aprili

Mama,

Hujanijibu, na sipati usingizi. Nimeomba ruhusa kazini. Niambie tu kwamba yupo.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Sijui afya yangu niielezeje, tuiache. Barua zako zote mbili jirani kaniletea leo. Baba yako yupo. Kabati nililirudisha zamani, lakini kwetu hakutaka tena kuingia. Anakaa nyumba ya mwisho wa mtaa, ile aliyoiacha bila paa alipougua. Haina milango, haina kitu, kuta tupu. Lakini humo hapotei hata mara moja, na uso wake umetulia kama zamani. Nimemhamishia godoro.

Shida ni mimi. Kila nikiingia anasema, "Karibu, kaa, mke wangu yuko jikoni, anakuja sasa hivi." Mwanzo nililia, nikamwambia mkeo ndiye mimi. Alinitazama kwa huruma, akanisogezea tofali nikae. Siku hizi nakaa tu, tunamsubiri pamoja. Jikoni nimeshaingia nikaangalia, kuna mchanga na majani makavu basi.

Jana, mchana kweupe, tulikuwa tumekaa hivyo, nikasikia huko jikoni sufuria ikifunikwa. Baba yako akatabasamu. Sikuthubutu kuinuka, nisije nikamkuta huyo mke wake.

Njoo upesi. Uniite mama mbele yake, akusikie.

Mama yako