Rufaa Imeletwa Karibu Mno

Ekerenyo,
Alhamisi.

Kwa ndugu yangu Mose,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Nakuru, na Lavender mkeo, kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila ng'ombe wa shemeji yako Nyanchera ameanza kumpiga mateke kila anayemkama, nami simo katika waliosamehewa.

Nakuandikia kuhusu kile kishamba chetu cha majani chai. Unajua mahakama ya Nyamira ilimpa jirani yetu Mogire, tukakata rufaa Kisumu. Tangu hapo nilitulia. Kesi ikiwa huko, hakuna wa kumfukuza mwenzake: yeye alichuma asubuhi, mimi mchana, na kila mtu akanuna kwa zamu yake. Nilitumaini majaji watatufikia tumeshazikwa.

Kumbe wamepanga upya mahakama za rufaa! Kisumu mafaili yalizidi, basi ya Kisii na Nyamira yameletwa Kisii mjini. Wakili akanipigia simu kwa furaha kwamba tunasikilizwa Jumatano. Ndugu yangu, nilimkatia simu bila kumshukuru. Niliona tunapoteza kila mche.

Nyanchera akasema siendi mbele ya majaji kabla ya kwenda mbele za Mungu. Sabato ilikuwa ya Meza ya Bwana, ambayo nimeikwepa tangu kesi ianze kwa sababu ya kule kuoshana miguu wawili wawili kabla ya mkate, na Mogire husali papo hapo. Wanaume tulipoingia chumbani penye mabeseni, nikasubiri Mogire apate mwenzake ndipo nitafute wangu. Naye alikuwa ananisubiri mimi. Watu wakaisha, tukabaki wawili.

Mzee wa kanisa akatusukumia beseni. Nikainama. Katikati ya vidole vya Mogire mlikuwa na udongo mwekundu, na udongo ule naujua. Nikamwambia naosha shamba langu. Akacheka mpaka maji yakamwagika. Kisha akaniosha miguu yangu polepole, kama mtu anayemwosha babake, nami nikalia mbele ya watu.

Jana tuliwaambia majaji tumepatana, nusu kwa nusu. Walifurahi kuondolewa faili moja.

Sasa Mose, keti kwanza. Nilimwambia Mogire achague yeye, maana moyo ulikuwa bado umelainika. Akachagua nusu ya juu, penye barabara, pale ulipotaka kujenga nyumba.

Msalimie Lavender na watoto. Nyanchera anakusalimu, na Mogire anakusalimu sana. Ukiona nimekuonea, kata rufaa. Siku hizi wanasikiliza upesi.

Ni mimi kaka yako,
Obwocha.