Niliyoyasikia Dukani kwa Bhavesh

Pamela, soma sasa hivi, usisubiri kutoka kazini.

Nilikuwa Moshi mjini dukani kwa Bhavesh, nachagua hedifoni za kusikilizia redio safarini. Nilikuwa nimevaa zile kubwa za kufunika masikio. Bhavesh akasema hizo hazizuii kelele za nje, akaenda stoo kuniletea nyingine.

Kweli hazizuii. Nilisikia kila kitu.

Baba yako mdogo Primus aliingia na mwanaume nisiyemjua. Alinitazama, akaona nimeziba masikio, akaendelea kuongea Kichagga bila wasiwasi.

Alisema, "Kaka akiondoka, shamba la kihamba ni langu. Wale mabinti hawana sauti."

Yule mtu akauliza, "Leo?"

"Leo. Yuko peke yake nyumbani."

Peke yake, Pamela. Alikuwa anamsema baba yako.

Kisha akanigusa bega, akatabasamu, akaniambia kwa sauti ya juu kama anaongea na kiziwi, "Msalimie Pamela." Nikaitikia kwa kichwa. Nikaacha hedifoni kaunta, nikakimbilia stendi.

Gari lao liliipita daladala yetu Kiboriloni. Simu ya baba yako ilikuwa imezimwa njia nzima, amepokea sasa hivi nikiwa Himo. Nikamwambia neno kwa neno, nikamsihi asifungue mlango.

Akasema polepole, "Mwanangu, walishakuja wakaondoka. Waliniletea pombe ya mbege. Nimeshakunywa."

Napanda pikipiki. Mpigie katekista aende na watu, na wasimwache alale.