Mjane Bila Marehemu Anahamia Maktaba

Jumanne, 12 Septemba 2017

Mtu wa maktaba ya chuo kikuu amekuja. Nilitegemea bwana mmoja mwenye tumbo na tai. Kumbe ni binti, Nayeli Ocampo, mzaliwa wa Fresno, hapa hapa California, raba miguuni, glavu za bluu kama za daktari wa meno. Nikamfungulia banda la gari. Akaona maisha yote ya Evaristo yamerundikwa hadi darini — magauni, mabango, kofia, farasi wa karatasi asiye na mguu — akakaa juu ya ndoo. Nikadhani amezimia. Kumbe ni furaha.

Wanataka kila kitu. Afadhali. Mwenye nyumba mpya anabomoa banda, na mwisho wa mwezi mimi na Evaristo tunahamia kwenye jengo la wazee, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Kwa hiyo ni maktaba au jalala.

Msanii mwenyewe akatokea saa tano, joho la kuogea, masharubu yamechanwa na kupakwa mafuta.

Shikamoo mzee, akasema Nayeli.

Mzee ni baada ya saa sita, akajibiwa. Asubuhi mimi ni Bibi.

Binti hakutikisika. Shikamoo Bibi.

Marahaba.

Nimempenda huyu.

Alhamisi, 14 Septemba

Leo tumeandika maelezo ya picha. Yaani Nayeli ameandika, Evaristo amedanganya, mimi nimekunywa kahawa.

Picha ya kwanza: Mjane Bila Marehemu, yaani Evaristo, analia mlangoni mwa benki. Gauni jeusi hadi chini, kofia yenye mtandio wa lesi, na yale masharubu mazito kama brashi ya viatu. Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Tulikwenda kwenye milango ya wakubwa — benki, mahakama, ofisi ya kuandikisha vijana jeshini — naye akaanguka chini na kuomboleza. Watu wakikimbilia kuuliza nani amefariki, anafuta machozi na kusema: Bado. Mimi, mwanamke mzima, nilikuwa padri, kanzu na ndevu za kuchora. Sauti yangu ilikuwa nzito kuliko yake. Polisi walimkamata yeye, mimi wakaniomba baraka.

Nayeli akauliza picha ni ya mwaka gani. Evaristo akampa miaka mitatu tofauti na visa vitatu, kimoja kina ngamia. Nayeli akaandika vyote. Nitaweka vyote vitatu, Bibi, watafiti watachagua. Evaristo amekasirika. Mwongo anataka abishiwe kidogo, la sivyo raha iko wapi?

Hakuniomba nimkumbushe ile ya kweli, kwa hiyo naiandika hapa. Siku ile ya benki mjane halisi alikuja akapiga magoti kando yake, akalia vyake. Evaristo akaacha maigizo yote. Alimshika yule mama hadi benki ikafungwa.

Mchana Nayeli akafungua boksi la kofia, akakuta tamale, donge la unga wa mahindi lenye nyama, imefungwa vizuri kwenye ganda lake la mahindi. Evaristo akasema ni mfano wa chakula cha enzi zile. Ilikuwa ya jana, niliipika mimi. Binti akaeleza kwa upole kwamba chakula kinaleta wadudu, na wadudu wanakula nguo, na ndiyo maana nguo zote zikifika chuoni zitakaa kwenye friza wiki kadhaa, mayai ya nondo yafe.

Mnamgandisha Mjane kama kuku?

Nikacheka. Evaristo hakucheka. Akaingia ndani. Nilipompelekea chakula alikuwa amekaa kitandani na kiatu kimoja.

Shoga yangu, akaniambia, wakishanihifadhi wote, mimi nitabaki nani?

Nikamwambia supu inapoa.

Jumapili, 17 Septemba

Hermelinda amekuja, kama kila Jumapili baada ya misa, na sufuria la supu ya utumbo. Huyu ni dada yake Evaristo wa kuzaliwa naye. Ana miaka sabini na moja, na haingii ndani. Anasimama getini na kuniuliza mimi: Wifi, kaka yangu hajambo? Kaka yake yuko dirishani, anamwona. Ananiita wifi kwa sababu aliamua zamani kwamba mimi na Evaristo tulioana kwa siri. Hakuna anayemkosoa. Inampa usingizi.

Leo ana habari. Jumamosi anaolewa. Na Don Fermín Zazueta, kinyozi mstaafu, mjane mwenzake. Nikamkumbatia juu ya geti, supu nusura imwagike.

Halafu akasema anataka mtandio wa mama.

Mtandio ule mama yao, Doña Práxedis, aliolewa nao. Wiki ya mazishi ya mama, Evaristo aliuchukua na kuushona kwenye kofia ya Mjane. Hermelinda akaja kuuona gazetini, juu ya kichwa chenye masharubu, unagaragara mlangoni mwa benki. Tangu siku hiyo anaishia getini na kuzungumza na kaka yake kupitia kwangu. Mimi ndiye simu yao.

Nikaingia ndani. Evaristo nyuma ya pazia, amesikia yote. Aniombe mwenyewe, akasema.

Nikatoka. Anasema umwombe mwenyewe.

Mwambie siombi kitu cha mama yangu.

Nikaingia. Nikatoka. Nikaingia. Magoti haya si ya kupanda ngazi namna ile. Mara ya nne nikasimama katikati ya ua nikakumbuka: Ijumaa Evaristo alisaini hati za maktaba. Mtandio si wake tena, wala si wa dada yake. Ni wa chuo kikuu, pamoja na farasi.

Nikawaambia wote wawili kwa sauti moja, mmoja dirishani, mmoja getini. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi walikubaliana jambo. Walinitazama mimi kana kwamba nimeiba.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimemwambia Nayeli. Akampigia bosi wake hapo hapo, simu wazi. Bosi ana sauti ya mtu anayepiga mswaki. Kilichotolewa kimetolewa, akasema. Kofia haitenganishwi na mtandio wake. Alhamisi gari lipakiwe, Ijumaa kila nguo iwe ndani ya friza.

Nayeli akakata simu. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. Harusi saa ngapi, Mama Socorro?

Saa nne asubuhi.

Akafikiri. Kisha akasema anahisi Alhamisi atakuwa na mafua. Akakohoa, vibaya kabisa, sijawahi kuona mwigizaji mbovu namna hii. Nitapona Jumamosi asubuhi, akasema, na dereva wa gari ni mimi. Kanisa liko njiani kuelekea chuoni, ukipotea kidogo.

Masharti yake: nyuzi azifumue yeye. Pini achome yeye. Na mtandio ukitembea, yeye anatembea nyuma yake na glavu.

Evaristo alikuwa mlangoni. Akamwambia, Binti, una tabia mbaya. Hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa nyumbani kwetu.

Jumatano, 20 Septemba

Nimekwenda kwa Hermelinda. Amekaa jikoni na taulo mabegani, bwana harusi mwenyewe anampunguza nywele. Don Fermín ana mkono mwepesi na haongei akiwa kazini. Nikaeleza habari ya mtandio. Hermelinda akatazama nywele zake zinavyoanguka.

Basi na yeye aje, akasema. Anishike mkono hadi mbele. Sina mwingine.

Nikasema nitamwambia.

Lakini aje na suti, wifi. Kama mtu. Siku moja tu.

Njia nzima nimejiandaa kwa tufani. Evaristo aliwahi kukataa kuvaa suruali kwenye kesi yake mwenyewe. Nimefika, nimemweleza, nimesogea karibu na mlango.

Sawa, akasema.

Sawa tu. Nimemjua huyu kiumbe tangu ana miaka ishirini, neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Alipokwenda kuoga nilichungulia chini ya kitanda chake kama kuna fataki. Hakuna. Ndipo nikaogopa kweli.

Ijumaa, 22 Septemba

Tumepakia gari jioni. Banda limebaki tupu, doa la oili na mjusi.

Evaristo ameomba suti ya kijivu, ile niliyokuwa nikiivaa mimi nikiigiza wakili. Imo kwenye boksi la maktaba. Nayeli akageuka kutazama dari kwa makini sana, mimi nikachomoa. Imemkaa. Zamani bega lake lisingeingia. Amesinyaa na sikuona.

Amejifungia bafuni, maji yanatiririka. Haimbi.

Jumamosi, 23 Septemba

Naandika juu ya goti, ngazi za kanisa, kwa sababu nisipoandika sasa hivi kesho nitasema nimeota.

Saa nne kasoro robo tumefika. Evaristo akashuka kwenye gari langu. Suti ya kijivu, tai, viatu vyeusi. Na mdomo mtupu. Amenyoa masharubu. Sikugundua asubuhi, alikuwa amejifunika skafu mpaka puani, akasema baridi — Septemba, Los Angeles, na mimi nikaamini. Jela hakuyanyoa. Alipopasuliwa moyo nesi alikuja na wembe, akamfukuza.

Akapanda ngazi mikono inaning'inia. Hakuna aliyemjua. Don Fermín akampa mkono kwa adabu na kumuuliza yeye ni wa upande wa bibi harusi?

Ndipo gari la Hermelinda likafika. Amependeza, Mungu wangu. Gauni la rangi ya maziwa, mtandio wa mama unashuka hadi kiunoni, na nyuma yake Nayeli ameshika pindo kwa glavu za bluu, uso mkavu kama mlinzi wa rais. Kina mama wote wa kanisa wakaguna.

Hermelinda akapanda hadi ngazi ya tatu. Akasimama. Akamtazama.

Wewe nani?

Nikafungua mdomo nipeleke ujumbe, ni mazoea. Kisha nikagundua haniulizi mimi.

Mimi kaka yako.

Kaka yangu ana masharubu.

Ulisema suti.

Nilisema suti. Sikusema ujizike. Umefanana na baba siku ile kwenye jeneza.

Evaristo akaanza kulia. Nimemwona akilia mara nyingi kuliko mvua ya mji huu, najua kila kwikwi na inavyopangwa. Hii sikuijua. Hakujua afanye nini na mikono. Hermelinda naye hakujua. Watu wakatazama viatu vyao. Kinanda ndani kimemaliza wimbo wa kuingilia, kikaanza tena.

Sitembei na maiti siku ya harusi yangu, akasema Hermelinda. Nenda kavae nguo zako. Akamgeukia Nayeli. Binti, lile gauni jeusi liko kwenye gari lako?

Liko, mama. Lakini boksi limefungwa kwa muhuri. Nikifungua...

Simu yake ikaanza kuita. Bosi. Ikaita, ikanyamaza, ikaita. Nayeli akaitazama, akatazama ngazi nzima ya watu waliovaa vizuri, akanitupia mimi. Mama Socorro, zungumza naye. Si ulikuwa padri?

Basi nikazungumza. Sauti ilikuja yenyewe kutoka tumboni, haijachakaa hata kidogo. Nikamwambia mwanangu, Bi Nayeli yuko kwenye ibada, kuna familia yenye msiba mzito. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia bado. Akatoa pole, akauliza gari liko wapi. Nikambariki na kukata.

Tulimvalisha nyuma ya gari, milango wazi, Don Fermín ameshika koti lake kama pazia. Gauni linamning'inia mabegani. Shingo ndiyo ile ile. Nayeli alifunga vifungo vyote nyuma, alikuwa ameshavua glavu, sijui zimeanguka wapi.

Kofia haina mtandio sasa, uko kwa dada. Evaristo akaishika mkononi. Akajitazama kwenye kioo cha gari akajigusa juu ya mdomo.

Hapafai, akasema. Bila masharubu mimi ni bibi kizee tu.

Hermelinda akawaomba kina mama wanja. Wakatoa penseli tatu, akachagua nene. Akamkalisha kaka yake kwenye ngazi, hapa, hatua mbili kutoka nilipo. Yeye mwenyewe akakaa chini na gauni lake la maziwa, kwenye vumbi. Amemshika kidevu. Amembana kweli, vidole vimezama shavuni. Anachora kwa vistari vidogo vidogo, ulimi nje kama mtoto wa shule.

Usicheke, anamwambia. Unanitikisa.

Sijacheka.

Unacheka kwa pua.

Simu inaita tena mfukoni mwangu. Acha iite. Kinanda kimeanza mara ya tatu. Padri — yule wa kweli — ametoka mlangoni na kitabu chake. Ametazama bibi harusi, ametazama gauni jeusi, ametazama mimi, nadhani ananikumbuka nikiwa na kanzu kama yake. Ameuliza kama tuko tayari.

Hermelinda hata hakugeuka.

Subiri, Baba. Nimemaliza upande mmoja tu.