Zidisha Moto, Mwalimu

Wiyoni, Lamu

Kwa kaka yangu mpenzi Hussam,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la Mombasa lisiwe limekumaliza kabla hujalionja la Doha. Sisi huku tunamshukuru Mola, ila kuna jambo moja, nitalifikia.

Ungemwona Mama siku hizi ungecheka. Amekuwa mtu wa kuchorwa! Bi Jeruto, mwalimu wa kutoka bara aliyepanga nyumba ya jirani, alimkuta alfajiri akioka mikate ya mofa mbele ya moto wa tanuri, akaomba amchore kwa rangi za mafuta. Mama, unavyomjua, hata picha ya simu huikimbia. Alikubali kwa sharti kwamba uso usionekane.

Kaka, mwanamke huyu ana mkono wa ajabu. Kwanza hulipaka turubai lote kiza, kahawia nzito inayokaribia weusi, kisha humo humo huutoa moto kidogo kidogo. Uso wa Mama umezama kivulini kama alivyotaka. Kinachong'aa ni mikono yake na ukingo wa leso. Nilipoiona mara ya kwanza nilihisi joto mashavuni, wallahi.

Asiyeridhika alikuwa Mama. Kila asubuhi alisogea karibu na picha akasema kiza ni kingi, mwalimu azidishe moto. Bi Jeruto alimweleza kwa adabu kwamba pasipo kiza moto hauonekani, lakini akawa anaongeza manjano, na pembeni akaniambia Mama ana jicho la mchoraji. Nami sifa hiyo nikaitembeza mtaa mzima.

Juzi Mama alinyoosha mkono kuutafuta moto ule, vidole vikazama katika rangi mbichi, naye asijue. Bi Jeruto aliupangusa mkono taratibu, akamuuliza anaona nini. Mama akasema, "Naona mwanga tu, mwanangu. Watu siwaoni tangu Ramadhani." Kumbe mikate yote ile alikuwa akiioka kwa kupapasa.

Nililia sana. Akanikataza: "Usimwambiye Hussam. Ataiwata safari, asiende."

Kumwasi mama ni jambo zito, nami nimemwasi. Njoo kabla hujapanda ndege. Keti upande wa moto, umkaribie sana, labda atauona uso wako.

Bi Jeruto anakusalimu. Mama naye anakusalimu, na amesisitiza nikuandikie kwamba hana neno lolote, uende salama.

Dadako akupendaye,
Razan